Hujalipa Mpaka Simu ya Mama Hoteli Ilie

Kuna maneno mawili ambayo mtu yeyote anayeuza chakula kando ya barabara ya Isiolo kwenda Moyale ameyasikia mpaka akayazoea: "Mama, nimetuma." Mteja anainua simu juu, anaionyesha kwa mbali kama askari anayeonyesha kitambulisho, halafu huyo anaondoka. Mara nyingi ni kweli ametuma. Mara nyingine ametuma kwa nambari ya mtu asiyejulikana. Na kuna siku hajatuma kitu.

Maoni yangu ni haya, na najua si kila mtu atakubaliana nami: ukila hotelini mtaani, kutuma bado si kulipa. Umelipa pale pesa imefika kwa aliyekupikia na yeye amekubali kwamba imefika. Kabla ya hapo wewe bado ni mteja mwenye deni, hata kama simu yako imekuambia shughuli imekamilika. Na kazi ya kuhakikisha pesa imefika ni yako wewe uliyekula, kabla haijawa ya mama aliyeko jikoni.

Niko upande wa mwenye hoteli katika jambo hili, na nitaeleza kwa nini.

Mteja wa barabarani harudi

Chukua Ngaremara. Iko kaskazini mwa mji wa Isiolo, kwenye barabara kuu inayopita Archers Post, Merille, Laisamis na Marsabit hadi mpakani Moyale. Karibu hapo kuna lango la kuingilia hifadhi ya Buffalo Springs. Kwa hivyo anayekaa kwenye benchi la hoteli anaweza kuwa mfugaji aliyeleta mbuzi, dereva wa lori, mwalimu, mwanabodaboda, ama mtalii na dereva wake wanaotafuta chai kabla ya kuingia hifadhini. Chakula ni kile tunachokijua: chai ya maziwa, chapati na madondo, ugali na karanga ya mbuzi, wali, na siku nyingine nyirinyiri kwa wanaoijua.

Sasa, mteja wa mtaani akikosea malipo, kesho atapita tena. Jina lake linajulikana, nyumba yake inajulikana, na hata asipopita, mtoto wake atapita akienda shule. Lakini abiria ambaye gari lake limeshapiga honi mara mbili? Huyo akiondoka na kosa, saa moja baadaye yuko mbali na Archers Post, anasinzia dirishani, na mama bado anatazama simu yake akingoja ujumbe usiokuja.

Hebu tupige hesabu, ya mfano tu. Tuseme sahani ni shilingi 150, na ukiondoa unga, mafuta, nyama, makaa na maji, anabaki na faida ya shilingi 30. Sahani moja isipolipwa, amepoteza zile 120 alizotumia kuipika. Ili azirudishe, lazima auze sahani nne nyingine. Yaani watu wanne wamekula wakalipa vizuri, na mama hajapata hata shilingi ya faida, kwa sababu ya mtu mmoja aliyesema "nimetuma".

Wewe unaona ni shilingi 150. Yeye anaona ni asubuhi yote.

Uliza kwanza: pesa niweke wapi?

M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 kama njia ya kumtumia mtu pesa kwa simu. Malipo ya dukani kupitia Lipa na M-Pesa yalikuja baadaye, mwaka 2013. Lakini mpaka leo wengi wetu tukiwa hotelini tunafanya lile la zamani: tunaomba nambari ya simu, tunatuma kama vile tunamtumia ndugu yetu.

Kama hoteli ina nambari ya biashara, yaani tili, ilipie hapo. Anayelipia tili hakatwi ada ya kutuma. Mwenye biashara ndiye anayekatwa, na kwa utaratibu tunaoujua ni asilimia 0.55, huku malipo ya shilingi 200 kurudi chini yakiwa bure kwake pia. Ukila chakula cha shilingi 350 pamoja na wenzako, makato ya mwenye hoteli hayafiki shilingi mbili. Wewe hulipi zaidi. Viwango hubadilika, kwa hivyo angalia vya sasa, lakini wazo ni lilelile: kwa mlo wa kawaida wa mtaani, tili haimuumizi yeyote kati yenu.

Kama hana tili, huenda ana Pochi la Biashara. Hii inakaa kwenye laini yake ya kawaida, ila pesa ya biashara inakaa kando na pesa yake ya nyumbani. Faida yake kubwa kwa mwenye hoteli ni kwamba mteja hawezi kuivuta pesa hiyo nyuma peke yake, bila mwenye biashara kuhusika. Nitarudi kwa hilo.

Kama hana hata moja, basi unatuma kwa nambari yake ya kawaida. Si vibaya. Ila hapo ndipo macho yako yanahitajika zaidi, kwa sababu nambari ya simu ina tarakimu 10 na kidole kikiteleza kwa moja tu, chakula chako kimelipiwa kwa mtu usiyemjua, labda aliyeko Kakamega.

Soma jina kabla ya kuthibitisha

Kabla hujathibitisha malipo, simu inakuonyesha jina la anayepokea. Wengi hatulisomi. Tunaliona kama tangazo, kitu cha kupita haraka tufike mwisho. Lakini jina hilo ndilo ulinzi wako wote. Baada ya kubonyeza, kinachobaki ni kuomba na kungoja.

Huku kwetu jina lina mambo yake. Mama unayemjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza, laini yake inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina ambalo hujawahi kulisikia. Laini nyingine imesajiliwa kwa kitambulisho cha mume, ama cha kijana wake aliyeko Nairobi. Tili nayo inaweza kuwa na jina la duka lililokuwa hapo kabla ya hoteli. Kwa hivyo usikisie. Soma jina kwa sauti: "Mama, imeandika hivi, ni wewe?" Akisema ndiyo, endelea. Akisita, simama. Haitachukua hata sekunde kumi.

Na ukikosea? Msimamo wangu ni kwamba kosa la vidole ni la mwenye vidole. Ukituma kwa nambari isiyo yake, mama wa hoteli bado anakudai. Mlipe tena sasa hivi, kwa njia yoyote uliyo nayo, kisha wewe ndiye ufuatilie ile iliyopotea. Kwa M-Pesa, unasambaza ule ujumbe wa muamala kwenda 456 na kuomba irudishwe. Kumwambia mama "ngoja nirudishiwe ndio nikulipe" ni kumfanya yeye abebe kosa ambalo hakulifanya.

Ngoja simu yake, usionyeshe yako

Ujumbe ulio kwenye simu yako unakuhakikishia wewe. Haumhakikishii yeye. Na kuna sababu ya yeye kutouamini kwa kuutazama tu: watu wamejifunza kuandika ujumbe wa uongo unaofanana na wa kweli, wenye herufi na tarakimu zake, kiasi na saa. Wengine wanautuma moja kwa moja kwa muuzaji kutoka nambari ya kawaida, wakijua kwamba saa saba mchana, hoteli ikiwa imejaa, hakuna atakayeangalia umetoka wapi.

Ujumbe wa kweli wa M-Pesa unaingia ukiwa na jina la M-Pesa, kamwe hauji kutoka nambari ya mtu. Ukipokea wa ulaghai, usambaze kwa 333, ni bure. Lakini kipimo kizuri kuliko vyote ni salio. Salio halidanganyi.

Kwa hivyo akikuambia "ngoja kidogo niangalie", usikunje uso. Hajakuita mwizi. Na akikuambia "ngoja huyu mtoto anisomee", ngoja pia. Kuna mama na wazee wengi wanaoendesha biashara safi kabisa kwa kabambe ndogo na macho yaliyochoka, wakitegemea mjukuu awasomee ujumbe. Heshima yako kwao ni ile dakika moja ya kukaa.

Nasikia mtu anasema: "Lakini mimi nina haraka, gari linaniacha." Sawa. Basi lipa chakula kinapofika mezani, usingoje umalize. Kama chai bado ni ya moto, una dakika tano za pesa kufika na mama kuhakikisha. Ukimaliza kula, unanawa mikono na kwenda zako. Watu wa safari wangefanya hivi tu, nusu ya mabishano ya "nimetuma" yangekwisha.

Network ikisumbua

Hili hutokea, hatuwezi kulikataa. Simu inazunguka na kuzunguka, mara ujumbe wa kutuma unakuja, mara hauji. Hapo usikimbilie kutuma mara ya pili. Angalia salio lako kwanza. Kama pesa imeondoka, ina kumbukumbu, na muamala wa M-Pesa una kodi yake ya herufi na tarakimu 10. Mwenye hoteli aiandike kodi hiyo kwenye daftari pamoja na kiasi na nambari yako ya simu. Ujumbe wake ukifika jioni, anapiga mstari. Usipofika, ana pa kuanzia, na wewe pia unalindwa usilipishwe mara mbili.

Kama pesa haijaondoka, kuna pesa taslimu. Nawashauri wote wanaosafiri barabara hii: weka noti mbili tatu mfukoni. Kupenda pesa ya simu hakumaanishi kuikana noti.

Na kama huna kabisa, sema ukweli. "Mama, niandikie, nitalipa Jumatatu" ni maneno ya heshima katika mji wowote. Daftari la deni lilikuwepo kabla ya simu na bado linalisha watu mwisho wa mwezi. Mwenye hoteli anaweza kukubali ama kukataa, ni haki yake, lakini ameamua akijua. Anayesema "network mbaya" akijua salio lake ni sifuri amechukua mkopo bila kuuliza.

Kuvuta pesa nyuma baada ya kushiba

Hapa sitapunguza maneno. Kuna watu wanaokula, wanalipa, ujumbe unaingia, mama anafurahi, halafu wakifika mbele kidogo wanaomba pesa irudishwe wakidai wametuma kimakosa. Huduma ya kurudisha iliwekwa kwa ajili ya yule aliyekosea kweli: mama aliyetuma karo ya mtoto kwa nambari nyingine, kijana aliyeongeza sufuri moja. Anayeitumia kurudisha pesa ya chakula kilicho tumboni ameiba, na ameiba mara mbili. Ameiba kwa mwenye hoteli, na amewachelewesha wenye shida ya kweli, kwa sababu kila ombi la uongo linafanya maombi yote yatazamwe kwa shaka.

Na simu si gizani. Nambari yako, jina lako na saa ya muamala vinabaki kwenye kumbukumbu. Mwenye hoteli akipata ujumbe ama simu kuhusu pesa kurudishwa na hajakubaliana na mteja, asinyamaze. Aseme waziwazi kwamba hayo yalikuwa malipo ya chakula, kwa huduma rasmi ya wateja, si kwa mtu yeyote aliyempigia tu. Anayekupigia akiomba PIN yako ili "azuie pesa isirudishwe" ni mlaghai wa pili anayekuja nyuma ya wa kwanza.

Hoteli ikikataa simu, anaumia nani?

Mtu anaweza kuuliza kama ni lazima tulikuze jambo la sahani moja hivi. Nitampeleka mbali kidogo, Kuba, kwa sababu huko kuna hoteli za mtaani zinazofanana na zetu kuliko tunavyodhani. Chakula chao cha kila siku ni wali na maharagwe meusi, ndizi za kukaanga, na nyama iliyopikwa mpaka ikachambuka nyuzi nyuzi. Ukimwekea mtu wa Ngaremara sahani hiyo, atauliza tu pilipili iko wapi.

Katika miaka ya 1990, baada ya Umoja wa Sovieti uliokuwa ukiitegemeza Kuba kuvunjika, serikali iliwaruhusu watu kufungua mikahawa ndani ya nyumba zao. Mwanzoni hawakuruhusiwa kuzidi viti 12. Wananchi waliiita paladar, jina walilolitoa kwenye tamthilia ya Brazil iitwayo Vale Tudo, ambamo mama mmoja anaanza kwa kuuza vyakula ufukweni na baadaye anakuwa na biashara yenye jina hilo. Baadaye viti viliongezwa, na mikahawa hiyo ikawa riziki ya familia nyingi.

Mwezi Agosti 2023 serikali ya huko ilitangaza hatua za kupunguza pesa taslimu na kuwasukuma watu walipe kielektroniki, kwa programu za simu kama Transfermóvil. Wazo halikuwa baya. Lakini benki na mashine za kutolea pesa zilikuwa hazina noti za kutosha. Muuzaji alilipwa kwa simu, halafu akakosa namna ya kuitoa pesa hiyo akanunue nyama na mafuta. Wengi wakaanza kukataa malipo ya simu, wakataka noti tu. Na mteja aliyekuwa na pesa kwenye simu akabaki na njaa mbele ya chakula.

Sisi hali yetu ni tofauti. Pesa ikiingia kwenye simu ya mama wa Ngaremara, anaweza kumlipa mwenye duka la jumla Isiolo bila kutoka jikoni, ama akaitoa kwa wakala. Kwa hivyo pesa ya simu kwetu ina kazi. Ila jambo moja ni lilelile: malipo ya simu hayasimami kwa nguvu ya anayetuma, yanasimama kwa imani ya anayepokea. Huko imani ilivunjwa na ukosefu wa noti. Hapa tunaweza kuivunja wenyewe, "nimetuma" moja baada ya nyingine, mpaka siku utakayofika ukiwa na njaa na simu yenye pesa, ukute kibao mlangoni: Pesa Taslimu Pekee. Hapo atakayeumia ni wewe mwaminifu, kwa sababu yule mlaghai alishakula akaondoka.

Mwenye hoteli naye ana sehemu yake

Nimesema niko upande wake, lakini upande wake una kazi pia. Nambari yako ya malipo iandike kwa herufi kubwa mahali mteja anaweza kuiona akiwa ameketi, na kila asubuhi ihakikishe, maana karatasi inaweza kubandikwa juu ya nyingine na mtu mwenye nia mbaya. Mwambie mteja mapema jina litakalotokea. Usiache simu ya biashara nyumbani ukamwacha mfanyakazi abahatishe: tili inaweza kumwonyesha msaidizi malipo yanayoingia bila kumpa uwezo wa kutoa pesa. Na PIN ni yako peke yako, hata mjukuu anayekusomea ujumbe hahitaji kuijua.

Tena, pesa ikifika, sema. "Imefika, asante, safari njema." Mteja asikie kwa masikio yake. Neno hilo linafunga hesabu ya pande zote mbili, na mteja mwaminifu anaondoka bila wasiwasi wa kuitwa kutoka barabarani.

Kwa kifupi, ukiwa mezani

- Uliza kama kuna tili ama Pochi kabla ya kuomba nambari ya kawaida.
- Soma jina kwa sauti kabla ya kuthibitisha malipo.
- Ukiwa safarini, lipa chakula kinapoletwa.
- Kaa mpaka mwenye hoteli aseme imefika.
- Network ikisumbua, angalia salio kwanza, kisha acha kodi ya muamala na nambari yako.
- Huna pesa? Sema huna, uandikiwe.
- Ukikosea nambari, mlipe mwenye hoteli kwanza, kisha fuatilia yako kupitia 456.

Hakuna hata moja kati ya hayo inayohitaji simu ya bei. Kabambe na *334# zinatosha. Kinachohitajika zaidi ni subira ya dakika moja kabla ya kuinuka, na mtu aliyesimama juani akichochea moto ili wewe ushibe anastahili dakika hiyo.